Mtetemo wa Pikapu Iliyoshushwa Si Uvivu wa Dereva



Katika viwanda na mashamba yetu huonekana pikapu ambazo hazikununuliwa mpya. Zilikuwa za watu wa mjini, zikatumika, kisha zikauzwa kwa mwajiri kwa bei nafuu. Baadhi yake zilikwisha kushushwa na mwenyewe wa kwanza, yaani kimo chake kilipunguzwa ili gari likae karibu na ardhi na lipendeze machoni. Mwajiri huitazama bei, rangi na injini. Akiridhika hulinunua, humkabidhi dereva funguo, na kesho yake gari linaanza kubeba mbolea, magunia ya majani ya chai, mitungi ya mafuta, vipuri vya mashine na, mara nyingi mno, watu.

Wiki haiishi kabla ya malalamiko kuanza. Gari linarusha. Kwenye shimo dogo linagonga kama nyundo. Likifika mwendo fulani sakafu inatetemeka, kioo kinalia, mgongo unauma. Dereva akisema, nyapara humjibu kwamba amezoea starehe. Akisema mara ya pili huambiwa atafute mto wa kukalia. Akisema mara ya tatu huambiwa kuna wengine nje ya lango wanaotaka kazi.

Maoni yangu ni haya, na ninataka kuyaeleza kwa sababu zake. Dereva anayesema gari linatetemeka anatoa taarifa ya ubovu wa chombo cha kazi, sawasawa na mtu wa kinu anayesema mkanda umelegea. Taarifa hiyo lazima iandikwe, chanzo kitafutwe kwa kupima, na gari litengenezwe kwa fedha ya mwenye gari. Ubovu huo unajulikana, una sababu zake za chuma na raba, na dawa yake ipo. Mto wa kukalia haumo katika dawa hizo.

MTINDO HUU ULITOKA WAPI

Sina ugomvi na vijana wanaopenda magari ya chini. Lakini yafaa tujue mtindo huu ulikuwa wa kazi gani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wa Los Angeles huko California, hasa Wamarekani wenye asili ya Meksiko, walianza kushusha magari yao. Walikata springi au walitia mifuko ya mchanga nyuma, wakatembea polepole barabarani ili watazamwe. Mwaka 1958 sheria ya California ilikataza gari kubadilishwa hadi sehemu yake yoyote iwe chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Mwaka 1959 Ron Aguirre alitia mitambo ya mafuta katika gari lake la Corvette ili aweze kulishusha na kulipandisha apendavyo. Sheria ile ya 1958 ilikuja kufutwa, na tangu Januari 2024 haina nguvu tena.

Basi tazameni: yalikuwa magari ya mwendo wa pole, juu ya lami, bila mzigo. Hata hao walioanzisha mtindo waliona haja ya kuweza kulipandisha gari tena. Gari kama hilo ukilipeleka kwenye njia ya shamba la miwa wakati wa mvua, likiwa na magunia nyuma, unalitaka lifanye kazi ambayo aliyelishusha hakuifikiria hata siku moja.

MAGONJWA MAWILI

Watu wengi husema tu kwamba gari ni baya. Lakini kurusha na kutetemeka ni magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake. Fundi asiyeyatenganisha hubadilisha vipuri ovyo, fedha ikaliwa, na ugonjwa ukabaki.

Kurusha hutoka kwenye springi na vitu vinavyofanya kazi pamoja nazo. Kwa pikapu nyingi, nyuma kuna springi za mabamba, yaani mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine na kufungwa kwenye ekseli kwa bolti za umbo la U. Juu ya ekseli, kwenye chesisi, kuna raba nene. Raba hiyo huzuia chuma kisigonge chuma gari linapoingia shimo kubwa. Kati ya ekseli na raba ile kuna nafasi, na nafasi hiyo ndiyo inayofanya mwendo uwe laini.

Chukueni mfano. Ikiwa nafasi hiyo ilikuwa sentimita 10 na gari limeshushwa sentimita 7, zimebaki 3 tu. Weka magunia, hata hizo 3 zinakwisha. Kuanzia hapo springi haina kazi. Gari limekalia raba, na kila jiwe la njiani linapanda moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo wa aliyeketi. Mtu anaweza kuleta springi mpya za bei kubwa, lakini kama nafasi haijarudi, gari litaendelea kugonga.

Mbele kuna hila nyingine. Fundi wa haraka hukata duara moja au mbili za springi ya mzunguko. Gari hushuka kweli, lakini springi iliyokatwa huwa ngumu kuliko ilivyokuwa, kwa kuwa chuma kinachojipinda kimepungua. Hivyo nafasi imepungua na ugumu umeongezeka, yote kwa mara moja.

Halafu kuna shokapu. Urefu wa shokapu ulipimwa kiwandani kwa kimo cha kwanza cha gari. Gari likishushwa, fimbo ya shokapu hukaa ndani zaidi ya bomba lake. Kwenye shimo hugonga mwisho, sili hupasuka, mafuta huvuja. Ukiona shokapu mpya zinakufa moja baada ya nyingine katika gari lililoshushwa, usimlaumu muuza duka kabla hujapima urefu.

Mwisho kuna bushi za raba. Bushi nyingi za springi na za mikono ya mbele zinatakiwa kukazwa gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, katika kimo chake cha kazi. Fundi akizikaza gari likiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia, raba hubaki imejipinda gari likiteremshwa. Hapo mwendo huwa mgumu na bushi huchanika kabla ya wakati wake. Kosa hili halina gharama ya kipuri hata kimoja kulizuia. Linataka utaratibu wa kazi tu.

MTETEMO

Mtetemo hutoka kwenye vitu vinavyozunguka, na dereva mwenye sikio zuri anaweza kumsaidia fundi kuliko vifaa vingi. Jaribio lifanywe kwenye barabara iliyonyoka, isiyo na watu, gari likiwa halina abiria nyuma.

Kwanza, gari likiwa limesimama na giya ikiwa huru, ongezeni mafuta. Likitetemeka hapo, tazameni injini na raba zake; kushushwa kwa gari hakuhusiki. Pili, likiwa limetulia likisimama lakini linaanza kutetemeka kwenye mwendo fulani, tuseme kilomita 60 kwa saa, na kubadilisha giya hakuleti tofauti, basi ugonjwa uko kwenye magurudumu au kwenye propela. Tatu, ukitetemeka usukani, anzeni na magurudumu ya mbele. Vikitetemeka kiti na sakafu, anzeni nyuma. Nne, likitetemeka wakati wa kuondoka tu, hasa likiwa na mzigo, tazameni propela na krosi zake, na beringi ya kati kama propela ni ya vipande viwili.

Magurudumu ni rahisi. Pima upepo, tafuta uvimbe kwenye tairi na pigo kwenye rimu, kisha peleka yakabalansiwe. Propela ndiyo inayowashinda wengi, na hapo ndipo kushushwa kwa gari kunapoingia.

Propela hupeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu. Kila mwisho una krosi ili iweze kufanya kazi kwa pembe. Krosi ikizunguka kwa pembe, upande unaosukumwa hauendi mwendo sawa: huharakisha na kupunguza mara mbili kwa kila mzunguko. Watengenezaji hupanga pembe ya krosi ya mbele na ya nyuma ziwe sawa, ili kosa la moja lifutwe na la pili. Gari likishushwa, ekseli hupanda kuelekea chesisi, na mara nyingi pua ya difu huelekea mahali pengine. Pembe mbili haziko sawa tena, na kosa halifutwi. Na kwa kuwa kwa kawaida propela huzunguka takriban mara nne kila gurudumu linapozunguka mara moja, mtetemo wake ni wa haraka, wa kuchosha, na hula krosi, beringi na sili ya difu.

Dawa yake ni kupima na kusahihisha. Gari lisimame juu ya magurudumu yake, mahali tambarare, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Pembe ya giaboksi, ya propela na ya difu zipimwe. Fundi asiye na kipimo maalumu anaweza kutumia uzi wenye uzito na kipimapembe cha mwanafunzi. Hata simu nyingi za siku hizi hupima pembe. Kwa gari la kazi, pembe ya kila krosi inafaa isizidi kama digrii 3, isiwe sifuri kabisa, na mbili hizo zilingane. Zisipolingana, huingizwa kabari ya chuma kati ya springi na ekseli ili kugeuza pua ya difu. Kwa propela ya vipande viwili, beringi ya kati huenda ikahitaji kuinuliwa au kushushwa kwa vibati. Bolti za U zikifunguliwa zitiwe mpya, zenye urefu unaofaa, kisha zikazwe tena baada ya gari kutembea.

KWA NINI JAMBO HILI NI LETU

Huenda ndugu mmoja akauliza: hayo ni mambo ya gereji, chama cha wafanyakazi kinaingiaje? Kinaingia kwa sababu mbili, mwili na breki.

Mwili wa mtu aliyeketi huathirika zaidi na mtikisiko wa juu na chini wenye mapigo 4 hadi 8 kwa sekunde. Wanaoendesha magari na matrekta kwa miaka mingi juu ya njia mbovu wanaujua ugonjwa wa sehemu ya chini ya mgongo, na madaktari wa kazi wanaujua pia. Kipimo cha kimataifa cha mtikisiko wa mwili mzima, ISO 2631, kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1974. Mwaka 2002 nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka sheria kwamba mtikisiko wa mwili mzima ukifikia mita 0.5 kwa sekunde mraba kwa siku ya saa 8, mwajiri lazima achukue hatua, na usivuke 1.15. Mgongo wa dereva wa Ulaya na mgongo wa dereva wa Uganda, Kenya au Burundi umetengenezwa kwa mfupa ule ule. Na mama mjamzito aliyepakiwa nyuma kwenda kuchuma chai hana hata kiti cha kumpunguzia pigo. Kubeba watu kwenye sehemu ya mzigo ni vibaya hata kwa gari zima. Kuwabeba katika gari linalogonga raba ni kucheza na maisha yao.

Breki ni jambo ambalo wengi hawalifikirii. Pikapu nyingi zina vali inayounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo au springi ndogo. Vali hiyo hupima uzito kwa kutazama umbali kati ya ekseli na chesisi. Chesisi ikiwa karibu, vali hudhani kuna mzigo, na hupeleka nguvu zaidi ya breki nyuma. Sasa gari lililoshushwa, chesisi yake iko karibu wakati wote. Likiwa tupu, barabara ikiwa na utelezi, dereva akikanyaga breki, magurudumu ya nyuma yanaweza kufunga kabla ya yale ya mbele, na mkia wa gari ukageuka. Mtu akiuawa hapo, ripoti itaandika mwendo wa kasi na uzembe wa dereva. Nani ataandika habari ya vali?

MAJIBU TUNAYOPEWA

Jibu la kwanza ni kwamba hakuna fedha. Lakini matengenezo yana daraja. Kupima upepo wa tairi ni bure. Kukaza bushi upya kwa kimo sahihi ni kazi ya mikono. Kubalansi magurudumu na kutia kabari ni gharama ndogo ukilinganisha na difu iliyokufa. Anayekataa gharama ndogo leo anajiandalia kubwa kesho, na zaidi ya hiyo analipa siku ambazo gari limelala na dereva yuko hospitali.

Jibu la pili ni la akili ya njiani: tia mawe au mchanga, gari litatulia. Kwa gari lenye springi ngumu za kimo kamili, mzigo kidogo huweza kulainisha mwendo. Kwa gari lililoshushwa, mzigo unakula sentimita zile chache zilizobaki. Ni kumtibu mwenye njaa kwa kumnyang'anya chakula.

Jibu la tatu ni la mto wa kukalia. Kiti kizuri kina faida yake, na dereva anastahili kiti kizuri. Lakini mto hauizuii krosi isikatike, wala haurekebishi vali ya breki, wala haumsaidii aliyeketi nyuma juu ya magunia.

Jibu la nne ndilo baya kuliko yote: dereva ndiye aliyeliharibu gari, basi akatwe mshahara. Najua kazi moja ambapo krosi tatu zilibadilishwa katika msimu mmoja, na kila mara dereva alilaumiwa kwa kuondoka kwa nguvu. Hakuna aliyepima pembe. Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mkataba huo huo unataka mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya maana ya kuiamini, asiadhibiwe. Juni 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi ya Shirika hilo, na nchi zote wanachama zinawajibika kuheshimu shabaha zake. Tena Mkataba wa 148 wa mwaka 1977 unahusu hewa chafu, kelele na mitetemo mahali pa kazi, na unawapa wafanyakazi na wawakilishi wao haki ya kutoa mapendekezo, kupewa habari na mafunzo, na kukata rufaa. Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006, Kenya ya 2007, Tanzania ya 2003. Hatuombi zawadi.

TUDAI NINI

Kila tawi lenye pikapu za kazi lipeleke mambo haya kwa mwajiri, kwa maandishi:

1. Kuwe na daftari la kila gari. Dereva aandike ubovu, tarehe na mwendo ambao mtetemo unaanza. Msimamizi atie sahihi kwamba ameona.

2. Gari lolote lililonunuliwa likiwa limeshushwa lirudishwe kwenye kimo cha kiwandani kabla ya kuingia shambani: springi zake, shokapu zenye urefu wake, na vali ya breki irekebishwe na kujaribiwa.

3. Mwenye gari akitaka libaki chini, lifanye kazi ya lami na mzigo mwepesi tu. Hata hapo kazi ifanywe yote: nafasi ya springi, raba, shokapu fupi, pembe za propela, na breki. Nusu ya kazi ndiyo iliyotuletea taabu hii.

4. Watu wasafirishwe kwa gari lenye viti, si juu ya magunia.

5. Dereva asikatwe mshahara wala kufukuzwa kwa sababu ya kuripoti ubovu au kukataa gari lenye breki mbovu.

Nanyi ndugu madereva, mna wajibu wenu. Msiseme tu kwamba gari ni baya. Semeni linatetemeka wapi, kwa mwendo gani, likiwa na mzigo au tupu, likiondoka au likitembea. Maneno hayo manne yakiandikwa, fundi hawezi kubahatisha na nyapara hawezi kucheka. Ninyi mafundi wa gereji za kiwanda, mkiambiwa mtie krosi nyingine bila kupima, kataeni kwa heshima na andikeni kwa nini. Na ninyi mnaopanda nyuma asubuhi, msimwache dereva aseme peke yake, maana gari ni moja na shimo ni moja.

Umoja ni nguvu. Andikeni leo katika daftari.